Mshenga wa Vumbi

Mwaka 1936, katika Chuo Kikuu cha Hokkaido kilichoko Sapporo, kaskazini mwa Japani, mwanafizikia Ukichiro Nakaya alifanikiwa kuotesha chembe ya theluji ndani ya chumba cha baridi. Mvuke peke yake haukumpa alichokitaka. Ulitaka mahali pa kushika. Nakaya alihangaika na nyuzi mbalimbali, mwishowe akafaulu kwa unywele wa sungura. Theluji ya kwanza kutengenezwa na binadamu iliota hapo.

Mwaka 1941 chuo hicho kikafungua taasisi ya kuchunguza mambo ya baridi kali. Ni humo ambamo, miaka sitini hivi baadaye, Naoki Watanabe na Akira Kouchi walikuwa wakishughulika na barafu ambayo hakuna mkono uliowahi kuigusa: ile inayoganda juu ya chembe za vumbi zilizotapakaa kati ya nyota na nyota, kwenye baridi ya nyuzi 263 za Selsiasi chini ya sifuri. Waliitengeneza upya ndani ya chombo cha chuma, wakaimwagia atomi za haidrojeni, wakatazama. Walichokiona walikitangaza mwaka 2002. Mwaka huohuo kundi jingine la Wajapani, likiongozwa na Kenzo Hiraoka, likatangaza kwamba limefanya jaribio la namna hiyohiyo na kitu hicho halikukiona. Ubishi huo tutaufikia, maana bila kuuelewa huwezi kujua maabara hizi zinaaminika kiasi gani.

Kwanza vumbi lenyewe. Mtu akitoka nje usiku wa Julai, mbali na taa za mji, huona mkanda mweupe wa nyota, Njia Nyeupe, umekatiza anga. Akitulia ataona pia kwamba mkanda huo una mabaka meusi. Zamani yalidhaniwa ni mianya mitupu isiyo na nyota. Mwaka 1930 mwanaanga Robert Trumpler wa Lick Observatory, California, alionyesha kwamba mwanga wa nyota za mbali hutufikia umefifia kuliko unavyopaswa, kwa hiyo kuna kitu njiani kinachoumeza. Kitu hicho ni vumbi. Hata Kilimia, ambacho wakulima wa pwani wamekitumia tangu zamani kupangia msimu wa kulima, kikipigwa picha kwa darubini kubwa huonekana kimezungukwa na ukungu wa buluu. Ni vumbi la wingu ambalo nyota hizo zinapita ndani yake na kulimulika.

Chembe moja ya vumbi hilo ina upana wa takriban sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Imeundwa kwa madini ya jamii ya mchanga au kwa kaboni, na nyingi zimetapikwa na nyota zinazozeeka. Ukichukua maada yote iliyo kati ya nyota, vumbi ni kama asilimia 1 tu ya uzito wake. Kilichobaki ni gesi, karibu yote haidrojeni na heli. Ndiyo maana wanaanga wengi walilichukulia vumbi kuwa kero, uchafu unaowazibia nyota, na kazi yao ikawa kupiga hesabu za kuliondoa kwenye vipimo.

Lakini kulikuwa na kitendawili. Haidrojeni nyingi katika mawingu mazito ya angani haikai atomi mojamoja. Imefungana mbilimbili kuwa molekuli. Kwa kanuni tunazozijua, jambo hilo halipaswi kuwezekana katika gesi peke yake. Atomi mbili za haidrojeni zikikutana zinatamani kuungana, ila muungano wao hutoa nishati nyingi mno, na nishati hiyo isipopata pa kwenda huzitenganisha papo hapo. Hapa duniani gesi imesongamana, kuna molekuli ya tatu karibu ya kuipokea. Huko juu, ambako atomi inaweza kusafiri muda mrefu bila kukutana na yeyote, wa tatu hayupo. Anahitajika mshenga wa kusimama kati yao, apokee moto wa makutano na kuwaacha wawili hao na ndoa yao. Chembe ya vumbi ndiyo inayoifanya kazi hiyo. Atomi moja hutua juu yake na kunata, ya pili hufuata, zinatangatanga hadi zikutane. Joto huzama ndani ya chembe, na molekuli iliyozaliwa huondoka zake.

Kwamba molekuli hizo zipo kweli kulithibitishwa tarehe 13 Machi 1970. Siku hiyo roketi ndogo ilirushwa kutoka White Sands, New Mexico, ikiwa imebeba kifaa cha kupima mwanga wa urujuanimno kilichobuniwa na George Carruthers, Mmarekani mweusi wa Naval Research Laboratory ya Washington ambaye alijitengenezea darubini yake ya kwanza akiwa mtoto wa miaka kumi. Kifaa kilielekezwa kwenye nyota iitwayo Xi Persei, na katika mwanga wake zikaonekana alama za haidrojeni ya molekuli. Miaka miwili baadaye kamera nyingine ya Carruthers ilikwenda mwezini na Apollo 16, na mpaka leo imesimama hukohuko. Alifariki mwaka 2020. Sidhani kama wako wengi katika shule zetu waliowahi kulisikia jina lake, na hilo ni jambo la kusikitisha.

Nadharia ya vumbi kuunganisha haidrojeni ilikuwa imekwisha andikwa. Edwin Salpeter wa Cornell na mwanafunzi wake David Hollenbach waliifanyia hesabu mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kukadiria kwamba atomi zinazonata juu ya chembe hupatana vizuri sana. Wanaanga wakaipokea hesabu hiyo na kuitumia kwa robo karne. Jambo la ajabu ni kwamba kwa muda wote huo hakuna aliyekuwa ameipima juu ya madini yanayofanana na ya vumbi lenyewe, kwenye baridi ya huko angani.

Waliolifanya hilo ni Valerio Pirronello wa Catania, Italia, na Gianfranco Vidali wa Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani. Mwaka 1997 walitangaza matokeo ya majaribio juu ya olivini, madini ya kijani ambayo yamo pia katika vumbi la angani. Walikuwa na tatizo linaloeleweka kwa yeyote aliyewahi kufanya kazi ya maabara: chombo chochote cha chuma kina haidrojeni iliyojificha ndani ya kuta zake, na ukiona molekuli ya haidrojeni huwezi kuapa kwamba imezaliwa kwenye olivini. Walilikwepa kwa ujanja. Mkondo mmoja ulileta haidrojeni ya kawaida, mkondo wa pili ukaleta deuteri, ndugu yake mwenye uzito maradufu. Wakatafuta molekuli mchanganyiko, yenye mmoja wa huku na mmoja wa kule, ambayo isingeweza kutoka ukutani. Waliipata, ila kwa kipimo kilichopunguza matumaini ya nadharia: atomi zilikuwa nzito kutembea, na ndoa zilifana katika kipande chembamba tu cha joto. Olivini ikipata joto kidogo, atomi huondoka kabla ya kukutana. Baridi ikizidi, zinakwama. Tangu hapo ikawa vigumu kwa mtu kukisia tu tabia ya vumbi akiwa mezani kwake.

Ukitaka kuiga wingu la angani unahitaji vitu vitatu, na viwili kati yake vinanunuliwa kwa fedha. Cha kwanza ni utupu. Chombo cha chuma cha pua hufungwa, huchomwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 100 kwa siku nzima au zaidi ili maji yaliyonasa kwenye kuta yatoke, na pampu hufanya kazi bila kupumzika. Hata hivyo, ombwe zuri kabisa la maabara hizi bado huacha takriban molekuli milioni mbili katika kila sentimita moja ya ujazo. Wingu la angani linaloitwa zito lina kama elfu kumi. Yaani kile ambacho kwetu ni utupu wa kupigiwa mfano, huko ni msongamano. Cha pili ni baridi: kipande cha shaba kilichopakwa dhahabu huunganishwa na mtambo wa heli na kushushwa hadi nyuzi 263 chini ya sifuri, wakati mwingine chini zaidi.

Cha tatu ni muda, na huo hauuzwi. Katika wingu zito chembe moja ya vumbi hugongwa na atomi ya haidrojeni kama mara moja kwa siku. Mawingu hayo yanaishi mamilioni ya miaka, kwa hiyo hayana haraka. Mtafiti ana mkataba wa miaka michache na mwanafunzi anayetaka kuhitimu. Anachofanya ni kuongeza atomi. Mkondo wa maabara huleta atomi mara bilioni moja zaidi ya zile zinazotua kwenye chembe angani, na kwa hesabu hiyo saa moja ya jaribio inasimama badala ya miaka zaidi ya laki moja. Ni biashara nzuri, ila ina mtego. Atomi zikiwa nyingi namna hiyo hukutana zenyewe kwa zenyewe kabla hazijakifikia kile ulichotaka zikigonge. Zikiwa chache mno, jaribio linaisha kabla halijaanza.

Sasa tunaweza kurudi Japani. Watanabe na Kouchi walikuwa wameweka barafu ya maji iliyochanganyika na kaboni monoksidi, ile gesi ya jiko la mkaa inayoua watu waliolala vyumba vilivyofungwa. Angani gesi hiyo ni nyingi, na kwenye baridi kali huganda juu ya vumbi kama umande. Walipoimwagia haidrojeni waliona kwanza fomaldehaidi, dawa ile ya kuhifadhia maiti, kisha methanoli, ambayo wasomaji wa magazeti ya kwetu wanaifahamu kama sumu inayopofusha na kuua wanywaji wa pombe haramu. Hiraoka na wenzake waliona fomaldehaidi, methanoli hawakuiona.

Kwa nini watu wazima wabishane juu ya methanoli? Kwa sababu darubini za redio zilikuwa zimeikuta angani kwa wingi na hakuna aliyejua inakotoka. Njia ya gesi ilikuwa imependekezwa, lakini mwaka 2006 vipimo vilivyofanywa kwenye mtambo wa CRYRING mjini Stockholm vilionyesha kwamba hatua ya mwisho ya njia hiyo hutoa methanoli kwa takriban asilimia 3 tu. Mara nyingi molekuli huvunjika vipandevipande. Kama vumbi nalo lingeshindwa, kitu kilichojaa angani kingekuwa hakina mzazi. Na methanoli ndiyo mlango wa kemia kubwa zaidi, kwani ukiipasua unapata vipande vya kujengea sukari na alkoholi nyingine.

Jibu lilikuwa katika hesabu ya atomi. Kundi la Sapporo lilirudia kazi mwaka 2004 likibadilisha wingi wa mkondo, na ikaonekana kwamba makundi mawili yalikuwa yanatumia vipimo vilivyoachana mbali. Mkondo wa Hiraoka ulikuwa haba mno kuifikisha safari hadi methanoli. Hakuna aliyekuwa amedanganya. Mwaka 2009 maabara ya Leiden, Uholanzi, ikithibitisha kwa chombo tofauti, ilikubaliana na Sapporo, na suala likafungwa. Leo kitabu chochote cha kemia ya anga kinaandika hatua nne za kuongeza haidrojeni, kutoka kaboni monoksidi hadi methanoli, kana kwamba zilijulikana siku zote.

Ndani ya jambo hilo kuna la kushangaza zaidi. Atomi ya haidrojeni haiingii kwenye kaboni monoksidi kirahisi. Kuna kizuizi cha nishati cha kuruka, na kwenye baridi ile hakuna atomi yenye nguvu ya kukiruka. Inakipenya. Sheria za kwanta huiruhusu chembe nyepesi kutokea upande wa pili wa kizuizi bila kupita juu. Watafiti wa Sapporo walipima hilo kwa kubadilisha haidrojeni na deuteri: uzito ulipoongezeka maradufu, kasi ya tendo ilishuka hadi takriban sehemu moja ya kumi. Tendo la kawaida lisingeadhibiwa hivyo kwa tofauti ya uzito. Hivyo baridi ambayo tungedhani inasimamisha kila kitu inawapa wepesi upendeleo, na inawapa muda wa kukaa juu ya chembe wakijaribu tena na tena.

Nani anayaona haya yote, wakati barafu yenyewe ina unene wa tabaka chache za molekuli? Humulikwa kwa mwanga wa infraredi unaorudishwa na dhahabu iliyo chini yake. Kila kifungo cha kemia humeza rangi yake: maji karibu na maikromita 3, kaboni monoksidi kwenye 4.67. Mwishoni kipande hupashwa joto polepole, nyuzi chache kwa dakika, na kila kitu huondoka kwa zamu yake na kupimwa uzito. Wakosoaji husema kupasha joto kwenyewe kunaweza kuzalisha molekuli ambazo hazikuwapo. Wana haki, na ndiyo maana maabara za kisasa hutegemea zaidi kinachoonekana kabla ya kupasha.

Maabara ya Leiden ina ukoo wake. Ilianzishwa katikati ya miaka ya 1970 na Mayo Greenberg, Mmarekani aliyeamini kwamba chembe za vumbi ni viwanda. Alimulika barafu kwa urujuanimno, akaipasha, na mwisho wa yote akabaki na utando wa manjano juu ya chuma. Mwaka 1992 mabaki ya namna hiyo yalipandishwa na setilaiti ya EURECA, yakaanikwa juani kwa miezi, yakarudi yamegeuka kahawia. Wakati huo wengi walimwona ana ndoto kubwa.

Machi 2002 ndoto hiyo iliandikwa kwenye jarida la Nature mara mbili katika toleo moja. Kundi la Leiden lenye Guillermo Muñoz Caro lilipata asidi amino 16 kutoka kwenye barafu ya maji, methanoli, amonia na gesi mbili za kaboni. Kundi la NASA huko California lilipata glisini, alanini na serini. Asidi amino ndizo zinazojenga protini, na vichwa vya habari vikaruka moja kwa moja hadi kwenye asili ya uhai. Leiden walitumia kaboni yenye uzito usio wa kawaida ili mtu asiseme wamepima jasho la vidole vyao, na hilo ni jambo la kupongeza. Lakini asidi 16 hizo zilihesabiwa baada ya mabaki kuchemshwa ndani ya asidi kali. Kwa maoni yangu kilichopatikana ni malighafi ya asidi amino, na tofauti hiyo ingestahili nafasi kwenye vichwa vya habari.

Baadaye ushahidi ulikuja kutoka pande nyingine. Glisini ilipatikana katika vumbi la kometi Wild 2 lililoletwa na chombo cha Stardust, na mwaka 2016 ikatangazwa katika gesi ya kometi 67P iliyofuatwa na Rosetta. Novemba 2020 Sergio Ioppolo na wenzake walionyesha kwamba glisini inaweza kujengeka kwenye barafu gizani, bila mwanga wowote, kwa atomi kugongana tu. Mwaka 2022 maabara ya Jena, Ujerumani, iliruka hatua yenyewe ya asidi amino: atomi za kaboni zilikutanishwa na kaboni monoksidi na amonia kwenye baridi, na zilipopashwa zikafungana kuwa minyororo mifupi ya protini. Hakuna kati ya haya linalosema uhai ulitoka angani. Kinachosemwa ni kwamba sayari changa haianzi na kapu tupu.

Mengi ya hayo yalikuwa ni maneno ya maabara hadi darubini ya James Webb, iliyorushwa Desemba 2021, ilipotazama vumbi lenyewe la baridi. Mwaka 2023 kundi la Melissa McClure wa Leiden lilichapisha vipimo vya wingu la Chamaeleon I, lililo miaka-nuru takriban 600 kutoka hapa, katika kundinyota la Kinyonga. Kundinyota hilo halichomozi kabisa katika anga la Ulaya. Mtu wa Mtwara anaweza kuliona chini upande wa kusini. Darubini ilitumia nyota zilizo nyuma ya wingu kama taa, na katika mwanga uliopenya zikaonekana alama za maji, kaboni dioksidi, kaboni monoksidi, methani, amonia na methanoli, zote zikiwa barafu, katika sehemu za wingu ambamo nyota bado haijawaka. Methanoli ya Sapporo ilikuwa mahali ilipotarajiwa. Mwaka uliofuata, karibu na nyota mbili zinazozaliwa, ikaongezeka ethanoli, ile pombe ya kunywa, pamoja na kile kinachoonekana kuwa asidi ya siki.

Lakini Webb haileti majina. Inaleta mstari wenye mabonde, na kila bonde lazima lilinganishwe na barafu iliyopimwa na mtu, kwa mchanganyiko uleule na joto lilelile. Methanoli ndani ya maji haimezi mwanga sawasawa na methanoli ndani ya kaboni monoksidi. Leiden wameweka vipimo vyao zaidi ya elfu moja kwenye hazina ya mtandaoni iitwayo LIDA, wazi kwa yeyote, na vipimo vya Webb vya mradi wa Chamaeleon navyo vilitolewa wazi tangu siku ya kwanza. Mwanafunzi wa kemia wa Dodoma au Eldoret hana mtambo wa heli, wala hatapewa kesho. Kompyuta ya kawaida na kifurushi cha intaneti vinamtosha kuuweka mstari wa darubini juu ya mstari wa maabara, na kati ya maikromita 6.8 na 8.6 bado kuna mabonde ambayo wataalamu hawajakubaliana ni ya molekuli gani.